Jiwe la Utingo

Alhamisi, kliniki, benchi la tatu kutoka mlangoni.
Muuguzi Wendo anachora nyuma ya cheti cha dawa:
kichwa, ndani yake uzi, kwenye uzi ushanga,
punje kumi na saba, anazihesabu kwa ncha ya kalamu.
"Hii umeitunga mwenyewe," anasema,
"kwa mlenda, kwa ugali wa uwele, kwa nyama uliyokula Manyoni.
Tumbo lilivunja, ubongo ukaunga upya.
Inaitwa dainofini."

Jina gumu. Nimelitafuna mara mbili, halina utomvu.

Miaka tisa nilitafuna kingine,
mirungi iliyofungwa kwa jani la mgomba,
vitunguu vya Singida mgongoni, usiku baada ya usiku,
ukope haugusi ukope.
Mirungi ikageuka nyasi, nikahamia vidonge,
vyeupe, havina jina, vinanunuliwa kwa ishara ya vidole
nyuma ya karakana ya matairi, Bahi.

Nisifiche: ilikuwa tamu.
Barabara ilinyooka kama imepigwa pasi.
Nilijenga nyumba ya vyumba sita kati ya Kintinku na Manyoni,
nikaezeka, nikapaka rangi,
kulipokucha sina hata tofali.

"Sikiliza, dereva. Raha ikipanda mno ubongo unaogopa.
Unamtuma huyu mwenye punje kumi na saba akashike."
Nikamkatiza. Nikamwambia namjua huyo.
Ni Masima, utingo wangu.

Mlima Sekenke, gari limeshiba, breki zinanuka,
Masima anaruka sijamwambia kitu,
anakimbia na jiwe, analisukumia chini ya tairi la nyuma.
Nikiongeza mzigo, anatafuta jiwe kubwa zaidi.
Hakuwahi kuniuliza kwa nini naongeza.

"Ndiye," Wendo akasema, akacheka kidogo.
"Ila mzigo umeshashushwa, leo siku ya arobaini na moja,
na yeye hajaambiwa."

Kumbe ndiyo hii.
Gari tupu, tambarare, jiwe chini ya tairi.
Chai ya vijiko vitatu vya sukari
na ulimi unasema: maji ya moto.
Nyemo mwanangu ameota meno mawili, ananionyesha,
najua hapa ndipo baba hucheka,
nayavuta midomo yangu kando kama pazia.

Shemeji anasema uvivu.
Mchungaji anasema dhambi imerudi kudai kodi.
Mimi usiku, macho kwenye bati, nasema: kimoja tu,
kimoja, cha kumsogeza Masima pembeni.

"Kimoja kitamletea jiwe jingine," anasema Wendo,
kana kwamba alikuwa darini.
"Hamna dawa ya kumfukuza?"
"Wanatafuta. Wanajaribu kuziba tundu anamotia ufunguo.
Panya wamepata nafuu. Watu, bado hatujui."
Hakunidanganya. Ndiyo maana narudi kila Alhamisi.
"Halafu," anakunja karatasi, "si adui yako.
Bila yeye ungeishia mwaka wa pili."

Masima wa kweli, mwenye kovu shingoni,
aliteremka Sekenke na mimi nikiwa macho usiku wa tano.
Niliiona njia mahali pasipo njia.
Sasa anauza vocha Kibaigwa, magongo ameyaegemeza kwenye meza.
Nimepita hapo mara mbili kwenye basi.
Mara zote mbili nilifunga kamba za viatu.

Leo jioni, Nkuhungu, mama wa zabibu na beseni lake.
Nyemo ananitia punje moja mdomoni kwa vidole vyenye vumbi.
Wiki iliyopita ilikuwa maji ndani ya ngozi.
Leo ni chachu.
Nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.
"Nipe nyingine," nikamwambia,
akanipa, akaning'ang'ania macho kuona nitafanyaje,
na mahali fulani chini, sina hakika,
changarawe ikalia.