Pasipo Mlima

Daktari wa Mnazi Mmoja aliniambia: tembea,
lakini pasipo mlima, pasipo ngazi, pasipo haraka.
Nikacheka. Nikamwambia, mwanangu,
basi wanitaka niwe gari la moshi.

Maana gari la moshi halikupenda mlima.
Babu Vuai, aliyekuwa akipasua kuni za kulilisha,
alisema: lile dude, kwa makelele yake yote,
ukilipa kilima kidogo tu
linakohoa kama mgonjwa wa pumu.
Ndiyo wakalitafutia ardhi tambarare,
wakachonga penye kinundu, wakajaza penye shimo,
toka mjini hadi Bububu,
wasijue kuwa wanalitengenezea njia
goti langu la kushoto.

Tumeanzia nyuma ya nyumba ya wifi yangu Shinuna,
saa kumi na mbili na nusu, umande bado mbichi.
Yeye mbele, kajifunga kanga kiunoni,
mimi nyuma na bakora ya kuazima,
mpira wake wa chini umelika upande.
Hatua mia, pumzi. Hatua mia, pumzi.
Kuna mdalasini usio na mwenyewe,
kuna mchaichai unaotukwangua vifundo,
na chozi, kadogo, keusi,
kanachokoa ua la mgomba
kama fundi saa.

Njia imenyooka hivi
hata unaona haya kusema umbea.
Shinuna hakuona haya.
Kanieleza yote ya harusi ya Mwanakhamis,
mpaka bei ya zulia.

Kisha jongoo.
Mweusi, mrefu, mabehewa yote yamo,
anakatisha njia, hamwulizi mtu.
Tukasimama kumpisha, watu wazima wawili,
Shinuna akampungia mkono.
"Salamu zao huko uendako," akasema.

Nami nikakumbuka: mtupa jongoo hutupa na mti wake.
Walipoichoka reli waling'oa na mataruma,
wakang'oa na misumari,
wakaacha mstari tu, kama kovu la utotoni
unalolijua kwa kidole, si kwa jicho.
Lakini hawakumaliza.
Kwetu, msumari mmoja mnene
ulizuia mlango usijibamize miaka hamsini,
na siku za pilau
mama aliuchukua akavunjia kungumanga.
Banda la kuku la Bwana Ussi
limeegemea kipande cha reli.
Na pale skuli, kwenye tawi la mfenesi,
kipande kingine kinaning'inia kwa waya.

Watu hugombana: jina Bububu limetokana na treni;
la, limetokana na chemchem, maji yanavyobubujika.
Mimi simo.
Babu aliulizwa siku moja mbele ya wageni
akajibu: "Zile kelele zilinitia uziwi,
sikusikia hili wala lile."

Hatua mia ya tisa goti likaanza kulalama.
Nikakaa juu ya jiwe, Shinuna akamenya chungwa.
Ndipo kijana wa zamu akaipiga ile reli ya skuli
kwa kipande cha nondo,
ngee, ngee, ngee,
na watoto wakafumka vichochoroni
wakaimwagikia njia ileile, mikoba ikiwapigapiga,
"shikamoo bibi, shikamoo bibi," bila kusimama.
Mmoja kandambili ilimkatikia.
Akaipita, akasita, akarudi kuiokota,
akaendelea mguu mmoja chini
na kiatu mkononi, na machozi karibu.
Nilitaka kumwita nimfungie kwa uzi.
Keshafika kwenye kona.

Lakini hapakuwa na kona kubwa.
Nilimwona muda mrefu.

Tulirudi polepole.
Shinuna alihesabu hatua,
mimi nilikuwa na kokwa za chungwa kiganjani
na sijui kwa nini sikuzitupa.
Kesho, kasema, tufike mpaka kwa Bwana Ussi,
kwenye kuku.
Nimemwambia tutaona.
Hata gari lenyewe, babu alisema,
lilikuwa na siku zake.