Sekunde Nne

Imekuja kwa bodaboda kutoka Mpunguzi,
imefungwa kitenge kama mgonjwa wa homa,
na Bwana Chedego, katibu wa ushirika, ameikumbatia njia nzima,
vumbi limemjaa hadi kwenye kope.
"Inawaka," anasema, "halafu inajizima, halafu inawaka.
Hatujaigusa, fundi. Hatujaigusa kabisa."

Wote husema hivyo.

Naichomeka. Feni inavuta pumzi,
taa ya kijani inafumbua jicho,
moja, mbili, tatu, nne,
kimya.
Feni tena. Jicho tena. Moja, mbili...
Kama mtu aliyefika mlangoni kwake
akakumbuka kitu, akarudi,
akafika mlangoni, akakumbuka kitu.

Humo ndani mna kilo za zabibu za kaya mia moja kumi na saba.
Mnunuzi anakuja Alhamisi. Leo ni Jumanne, saa tisa,
na upepo wa Agosti unalipigapiga bati la kibanda changu
hapa Majengo, nyuma ya wauza ndoo.
Nampa katibu stuli. Hakai.
"Wapo wanaosema ni kirusi."
Kirusi hukaa sebuleni, Katibu. Hii haijafika hata barazani.
"Wengine wanasema ni umeme wetu."
Huenda. Umeme wenu ni kama mkwe mlevi:
ama haji, ama anakuja na kishindo.

Nafungua skrubu. Vumbi jekundu limetandikwa humo kama zulia.
Napuliza kwa pampu ya baiskeli, tunakohoa wote wawili.
Nachomoa kadi ya kumbukumbu,
nayasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi,
narudisha. Moja, mbili, tatu, nne.
Nabadilisha pawasaplai. Nne.
Kapasita nazikagua moja moja,
kama mama akagavyo vichwa vya watoto siku ya shule:
hakuna iliyovimba.
Prosesa naifuta dawa iliyokauka, naipaka mpya. Nne.
Nachomoa diski, naiweka juu ya gazeti.
"Kilo zenu hizi hapa, nzima," namwambia,
na ndipo anapokaa.

Nne. Kwa nini nne? Kwa nini si tatu, si kumi?
Ugonjwa hauna saa mkononi.

Naweka kidole kwenye kitufe cha mbele.
Kinaingia. Kinasita kurudi. Kinanata.
Nanusa kidole changu:
zabibu.

Basi haikuwa inaumwa. Ilikuwa inatii.
Ukikishikilia kitufe sekunde nne, unaiambia: lala.
Kikiachia kidogo, unaiambia: amka.
Na kitufe kilichonaswa na sukari
kimekuwa kikisema yote mawili, usiku na mchana,
na yenyewe, maskini, kila amri, ndiyo bwana.

Nachomoa nyaya mbili nyembamba,
nagusisha pini kwa ncha ya bisibisi.
Moja, mbili, tatu, nne,
tano.
Sita. Hatupumui.

"Siku ya mizani watu walikuwa wengi,"
Chedego anaiambia sakafu.
"Kila mtu alitaka kuona zake. Mama Ndahani
alitoka moja kwa moja kwenye kreti, mikono inachuruzika.
Alidhani ukibonyeza, jina lako linatoka."

Nachovya pamba kwenye spiriti,
nafuta mpaka kitufe kinarudi na kamlio kake: tki.
Narudisha diski. Kioo kinaniuliza tarehe;
mashine inadhani ni Januari mosi
ya mwaka ambao sikuwa na kibanda wala bisibisi.
Naijulisha ni Agosti.
Orodha inafunguka taratibu, na katibu anasoma kwa sauti
jina moja tu, kilo mia tatu na sita,
halafu anafuta macho. Vumbi, anasema.

Tunapatana elfu ishirini. Ananiongezea kindoo cha zabibu,
nyeusi, zimepasuka kwa safari.
Nakula moja. Nakula ya pili.
Halafu naenda kwenye dumu, nanawa kwa sabuni,
ndipo naizima.