Kochi la Mama

Mwaka ule korosho zilipopanda bei
nilimnunulia mama kochi.
Lilitoka Mtwara mjini juu ya lori la saruji,
limevikwa nailoni, rangi yake damu ya mzee,
na Mnyambe nzima ikaja kulikalia kwa zamu.
Nikamwambia: Mama, umechoka vya kutosha.
Kaa.

Na kuchoka alichoka, nisimsingizie.
Huyu ndiye aliyeshuka bondeni jogoo hajakohoa,
debe tupu kichwani, akapanda nalo limejaa,
na mimi mgongoni,
maji yakinidondokea utosini tone kwa tone;
hata leo baridi ikinishtua, naita mama.
Miguu ile iliujua mteremko jiwe kwa jiwe.
Mwaka wa njaa ilitembea hadi msitu ulipoishia
ikarudi na ming'oko ya siku mbili.

Sasa bomba liko uani, nalishukuru bomba.
Lakini kila alichokigusa nilimpokonya kwa heshima.
Ufagio: acha, mama.
Kinu: acha, mama, watu wanasaga mashine.
Kuku? Chikola atawafungia.
Hata maji ya kunywa tulimpelekea kwa kupiga magoti.
Adabu yetu ilikuwa nzito kama blanketi
na tulimfunika nayo mchana kutwa,
mbele ya luninga, watu wa mbali wakigombea urithi
kwa Kiswahili cha kubandikwa.

Mwaka wa pili, kuinuka kukawa safari:
kwanza bismillahi,
kisha mkono wa kochi, kisha mkono wangu,
kisha jina la marehemu baba,
na magoti yakilia kama mlango wa ghala.
Alfajiri moja, yeye bado kitandani,
nililiona shimo kwenye kochi, lina umbo lake.
Nikalipigapiga kwa kiganja.
Halikufura.

Tabibu pale Newala, kijana wa soksi zisizofanana,
hakuandika dawa.
"Bibi, simama. Kaa. Simama. Kaa."
Mara ya nne mama akacheka kwa aibu
akabaki chini.
Kijana akanigeukia mimi, siyo yeye:
"Nani anamkalisha?"

Mimi, karani wa chama cha msingi,
hodari wa kuhesabu magunia ya watu,
sikuwa na jibu la kuandika.

Tulianza kwa ugomvi. Maji sikumpelekea.
Ufagio niliuegemeza mlangoni, nikaenda zangu kazini.
Somoe Nachundu akatangaza kisimani na sokoni:
"Binti Nampota anateswa na mwanawe,
anachota mwenyewe, na wajukuu wamejaa!"
Mama akaninunia siku nne.

Ya tano, usiku, upepo ulipukutisha korosho.
Asubuhi nikamkuta nje, mkono mmoja ukutani.
Aliinama. Akakaa huko chini muda mrefu,
nikajizuia nisikimbie.
Aliinuka na bibo, akainyonyoa korosho,
akaifunga kwenye pindo la kanga.
Akainama tena.
"Mtembea bure," akasema bila kunitazama,
"si sawa na mkaa bure."
Siku hiyo zilikuwa saba. Hazikujaza kikombe.

Sitadanganya. Magoti bado yanalia,
bondeni haendi, wala hakuna anayetaka aende.
Ila tangazo likianza husimama mpaka liishe,
na tamthilia za siku hizi zina matangazo,
Mungu awape maisha marefu wauza sabuni.
Jioni hujikongoja hadi kwa Somoe
akamseme uso kwa uso.

Shimo la kochi lipo palepale.
Kuku mwekundu amelipenda, anataka kutagia humo.
Mama humwinukia, humfukuza hadi uani,
hurudi akihema, hukaa,
na kuku hurudi pia.
Jana nilihesabu: mara kumi na moja.

Kuku yule simchinji.
Hata Idi.