Fundo

Watu wa Makorora niliwaambia hivi:
walikuwa wawili, mmoja akanipulizia usoni,
nikawa kama kuku mwenye kideri,
nikatoa pesa ya upatu, laki nne na sabini,
nikawakabidhi na asante juu.
Nikazinduka Barabara ya Kumi na Mbili
na bahasha ya magazeti yaliyokatwakatwa.

"Walinichukua akili."
"Wanajua hao!" wakaitikia.
Wifi akanifukiza mvuje siku tatu.
Hakuna aliyeuliza waliniahidi nini.

Miaka miwili. Kisha gego.

Sindano ya ganzi hunivimbisha koo, ilishataka kuniua.
Pale Bombo, tabibu Mndolwa akasema
ipo njia ya maneno, mtu akatulizwa mpaka ndani.
Mimi nikaona mazingaombwe ya shule,
yule wa kofia nyekundu
aliyembwekesha mwalimu wa zamu mbele yetu.
"Utanibwekesha? Utanitoa siri?
Na nikilala nisirudi?"
Akavaa glavu.
"Mama, mimi hata mwanangu mchana halali nikimwambia.
Kazi ni yako. Mimi nakushikia taa.
Ukitaka tuache, inua kidole."

Hapakuwa na saa ya kuning'inia
wala macho ya chatu.
Palikuwa na feni mbovu, tak, tak,
naye akaiazima: isikilize hiyo, pumua nayo.
Akasema, nenda ufukweni, kuna upepo.
Sikwenda.
Bahari haijawahi kunituliza mimi.
Nikaenda zangu Muheza, stoo ya bibi,
nikalaza shavu kwenye sakafu baridi
katikati ya machungwa.

Nilisikia kila kitu.
Nesi akitafuta chenji ya mia tano,
koleo likigusa sinia,
jino likilia kwenye mfupa wake.
Maumivu yalikuwepo, nisidanganye,
ila kama redio ya jirani:
unajua inaimba, hujui inaimba nini.
Mara moja pua iliniwasha.
Nikainua kidole, akasimama, nikajikuna,
nikarudi kwenye machungwa yangu.

Kulala? Sikulala.
Ni kama unavyochambua mchele,
mkono uko kwenye ungo, wewe uko kwingine,
na mtoto akikanyaga moto
unafika kabla hajalia.

Njiani, nyuma ya baiskeli ya Shekue,
pamba mdomoni, damu ikionja chumvi,
nikaitazama ile siku ya wale wawili.
Hakuna aliyenipulizia kitu.
Walisema laki nne itazaa milioni
kabla ya adhana ya alasiri,
nami nikaisikia vizuri kuliko feni,
na kidole nilikuwa nacho.

Shekue akageuza shingo:
"Vipi, alikulaza kama wale?"
Nikanyoosha kidole mdomoni, kwamba siwezi kusema.

Ile pesa ilikuwa kwenye pindo la kanga.
Fundo lilikuwa gumu.
Nililifungua kwa meno.