Arobaini na Miwili

Januari ikiingia, mimi huwa mzika miti.
Naliwasha lori saa nne asubuhi, gizani,
maana huku kwetu Aislandi jua la majira haya
huja kama mdaiwa: limechelewa, na halikai.
Misonobari imelazwa nje ya kila mlango,
mingine ingali imevaa nyuzi za fedha.
Mmoja, mwaka juzi, ulisahauliwa kengele shingoni,
ikalia njia nzima hadi jaani.

Mwaka jana nilihesabu arobaini na mitatu.
Ilivushwa bahari kutoka Denmaki,
miaka tisa ya kukua,
majuma matatu ya kutazamwa.
Mmojawapo ulikuwa wangu. Sijitoi.

Siku hiyohiyo, chini ya godoro la marehemu Hallbera,
nilikuta kitu kama mwavuli ulioliwa na upepo:
mpini uliotobolewa matundu,
na vijiti thelathini na kimoja ndani ya soksi.
Wanawe walikuwa wakisafisha nyumba. Ndege inawasubiri.
Nikaukwaruza mpini kwa ukucha: kijani.
Chini ya kijani, buluu.
Chini ya buluu, mti mweupe uliolambwa na chumvi,
gogo la ugenini, la Siberia labda,
lililosukumwa na barafu hadi ufukoni kwetu.

Misitu yetu tuliimaliza zamani,
tukachoma mkaa, tukalisha kondoo,
mlima ukabaki kipara.
Waliokuja baadaye walitaka mti wa Krismasi, na mti hakuna.
Wakauunda.
Nami nilikuwa nimeshika kazi yao kwa glovu za taka.

Desemba nikaushusha kutoka darini.
Binti yangu Ylfa, miaka saba, akauzunguka mara mbili.
“Baba, huu ni mwiba wa samaki.”
“Ni mti.”
“Haunuki.”
Hapo alinipata. Mti wa Krismasi usionukia
ni hadithi isiyo na paukwa.

Basi tukapanda mlimani na koleo na gunia,
tukafukua theluji mpaka kiunoni pa Ylfa,
tukautafuta mreteni, mti unaoishi kwa kulala kifudifudi
ili upepo uupite juu.
Tulichukua ncha tu, kama kinyozi mwoga,
hapa kidogo, pale kidogo, tukaurudishia blanketi lake.
Vidole vyangu vilikufa. Vya Ylfa vilikuwa mfukoni mwangu.

Jikoni, Steinvör alifumua sweta lililoliwa na nondo,
tukafunga majani kwa uzi wake, kijiti baada ya kijiti.
Kijiti cha tisa kilivunjika, nikaweka penseli.
Mti ulipinda kushoto. Tukaupa kisingizio:
ndiko redio iliko.
Usiku nyumba iliposhika joto, ukaanza kusema,
harufu ya pilipili na mvua,
na Ylfa akaja na mto wake, akalala chini yake
bila kumwomba mtu ruhusa.

Jirani Sturla alipokuja kunywa kahawa, alicheka mpaka akakohoa.
“Ketill, taka umezileta mpaka sebuleni!”
Kisha, alipodhani simwoni,
akaupima mpini kwa shubiri.

Leo nimesimamisha lori mbele ya nyumba yangu kwa mazoea.
Ylfa ametoka na mfuko mmoja wa majani makavu,
si wa kwangu, ni wa kuku wake.
Mpini umerudi darini, na vijiti vyake, na penseli.

Jumla: arobaini na miwili.
Huo si msitu. Najua.
Nimeiandika hata hivyo, kwa kidole, kwenye ukungu wa kioo.
Kwa Sturla nikapunguza mwendo.
Msonobari upo, mkubwa kuliko wa mwaka jana,
nao mzito, na ameukamata shina anisaidie kuupakia,
na kabla hatujauinua ameniuliza, akitazama kwingine,
drili yangu hutoboa tundu la upana gani.