Nyasi za Hefei

Saa nane za usiku Pu Jinsheng hutoka na waya mabegani,
kilo kumi na moja za waya, aliupima mwenyewe,
anakwenda kunyonyesha magari.

Ni elfu mbili mia nne kwa hesabu ya daftari lake,
meupe, ya kijivu, mengine rangi ya chai iliyopoa,
bega kwa bega nyuma ya kiwanda cha Lanhe,
na kila moja lina karatasi inayosema limeuzwa.
Limeuzwa kwa nani, karatasi haisemi.
Betri isipoonja umeme miezi kadhaa huanza kufa,
ndipo akaajiriwa kuyanywesha yasiyo na mwenyewe.
Akichomeka, taa za mbele hufumbuka,
na sauti ya msichana husema kwa adabu: Karibu nyumbani.
Siku za mwanzo alikuwa akimjibu.

Fahali wawili, tuliambiwa, hawakai zizi moja.
Mji huu una fahali tisa, na zizi ni lile lile.
Jumatatu Lanhe wakapunguza bei, yuani elfu nane.
Jumanne Tuohai wakapunguza elfu kumi,
wakaongeza na friji ndogo kiti cha nyuma.
Jumatano mwalimu wa kemia, aliyenunua lake Jumapili,
akasimama mlangoni mwa duka na bango la boksi:
NIRUDISHIENI SIKU TATU.
Alhamisi ikanyesha. Bango likalowa.

Na soko la hisa?
Aa, huko kuna majira yake.
Mwezi Lanhe walipouza kuliko wote, hisa ikaporomoka:
wanauza kwa hasara, wakasema wenye fedha.
Mwezi walipouza kidogo, ikapanda:
sasa wameanza kutia akili.
Mkurugenzi alipiga chafya mkutanoni
ikayumba asilimia mbili.

Aifen, mkewe Pu, anazo hisa mia sita,
kiinua mgongo cha kiwanda cha nyuzi kilichofungwa.
Kila asubuhi huijulia hali simu kabla ya mume.
Rangi ikiwa nyekundu, na kwao nyekundu ndiyo faida,
hukaanga mayai mawili.
Ikiwa kijani, uji mtupu.

Ng'ambo ya uzio ni uwanja wa Tuohai,
na mlinzi wao Cai Dongmin, naye na waya wake,
naye na magari yake yaliyouzwa.
Mahasimu hawa hukutana saa kumi,
hupitishiana mbegu za alizeti kwenye tundu la uzio,
hutema maganda, kila mtu upande wake.
Usiku mmoja Cai aliuliza: Yako mangapi?
Pu akaitazama kamera juu ya mlingoti.
Machache.
Yangu pia, akasema Cai. Machache kabisa.
Wakacheka mpaka mbegu zikawapalia.

Wahenga walisema wapiganapo mafahali ziumiazo nyasi.
Wangefika hapa wangejikuna kichwa.
Mafahali wanapigana, huu mwaka wa tatu,
na nyasi, wallahi, zimenawiri:
zimepenya kati ya magurudumu, zimeegemea milango,
zimechanua njano kwenye tundu la kuchajia
la gari namba 1187.
Pu alisimama pale na plagi mkononi.
Akapita, akaenda 1188.

Wiki jana wachambuzi waliletwa kwa basi kutoka Shanghai.
Walionyeshwa mkono wa roboti ukifunga boliti,
wakala keki yenye umbo la gari,
hakuna aliyeomba kuona uani.
Kesho yake ripoti ikatoka kwa neno moja: Nunueni.
Nyekundu ikawaka kama harusi.

Mayai mawili mezani.
Aifen akaketi, jambo asilolifanya asubuhi.
Wewe unayekesha nayo, akasema,
unaonaje? Tungoje, au tuuze?

Pu alikumbuka karatasi aliyotia saini siku ya kuajiriwa,
kifungu cha nne, kuhusu ulimi.
Akalitazama yai. Akalivunja kiini.
Akasema:
Nyasi zimefika magotini.

Aifen alizima jiko.
Akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole,
akavaa miwani,
akavuta simu.