Jezi Kumi na Nne

Zilikuwa kumi na tano, nilizihesabu mwenyewe
siku mfadhili alipozileta kwenye kiroba cha sukari.
Namba kumi na tatu iliondoka na mtu wa Geita
aliyekuja kufanya majaribio, akajaribu jezi tu.

Mimi ndiye nizifuaye. Igombe, nyuma ya chanja za dagaa,
sabuni ya kipande, maji ya ziwa, karai moja.
Najua nani huangukia upande gani:
Bwire hurudi na tope la bega la kushoto,
Lushinge, kipa wetu, na magamba viwikoni,
na Nkwabi, namba sita, jezi yake hurudi safi mgongoni
kwa kuwa hajawahi kujilaza kumlaghai mwamuzi.

Mtoano hauna huruma ya ligi.
Kwenye ligi utafungwa leo, Jumamosi utajitetea;
mtoano ni kamba ya kuanikia isiyo na vibanio,
upepo ukija, iliyoponyoka imeponyoka.
Timu sitini na nne. Thelathini na mbili.
Niliziandika ukutani kwa mkaa,
na kila raundi nikafuta nusu ya nchi.

Tuliwatoa askari magereza kwa bao la kona.
Tukawatoa wa Shinyanga kwa penalti, jioni ile
Lushinge alipookoa ya mwisho kwa goti
na Mama Nyamizi akammwagia ndoo aliyodhani ni ya maji.
Redio ikatutaja. Ikakosea, ikasema Igoma.
Tukaisamehe. Herufi mbili ni kitu gani?

Kisha ikaja barua ya robo fainali:
timu kubwa ya Dar, uwanja wa Kirumba,
na tarehe.
Nikaisoma tarehe, nikatoka nje kuutafuta mwezi.
Wapanga ratiba wana kalenda ya ukutani;
hawajui kuna giza na kuna mbalamwezi,
kwamba giza ndilo linaloilisha Igombe,
na mwenye mtumbwi hampi mtu ruhusa ya mpira
dagaa wakiwa wamepanda kuifuata taa.

Usiku wa kuamkia mechi, saba wetu walikuwa ziwani.
Niliziona taa zao, mji mzima juu ya maji,
nami huku nashona upya namba sita
kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa.
Alfajiri wakashuka, wakanawa,
wakapanda Fuso la barafu, wakalala wima.

Dakika ishirini tulikuwa sawa. Hilo liandikwe mahali.
Ya ishirini na nne Bwire akagonga mwamba,
Kirumba nzima ikainuka kama iliyokalia moto.
Halafu usingizi ukaingia uwanjani bila tiketi.
Nne bila. La tatu Lushinge hakuruka kabisa;
aliniambia baadaye aliuona mpira ukija
na taa juu yake.

Filimbi. Mshambuliaji wao, kijana wa viatu vya rangi ya limau,
akamfuata Nkwabi, akavua jezi, akamnyoshea.
Nikapiga kelele kutoka benchi:
Usitoe! Nkwabi we! Ziko kumi na nne!
Alinisikia. Najua alinisikia, maana aliniangalia.
Kisha akavua.

Namba sita ya mwavuli imepanda ndege.
Mimi mshonaji sijapanda.

Ya kwao nimeifua pamoja na zetu. Inanuka duka,
haishiki tope, inakauka kabla sijageuka.
Jumapili tuna Sangabuye, daraja la nne,
Nkwabi ataivaa ndani nje
na sita mpya mgongoni, nimeshaikata;
mwavuli umebaki mbavu tupu.

Majirani wananiuliza nani kaingia fainali.
Ukutani kwangu zimebaki timu nane.
Kitambaa cha kufutia nimekianika.